Bi Pindo Hapandi Pikipiki

Pikipiki ya huduma ya kwanza ilimkuta Bi Pindo kwenye mteremko wa misonobari, na kwa mara ya tatu akakataa kuipanda.

"Mama, mguu unakuuma huo," dereva akamwambia.

"Unaniuma mimi. Wewe unakuuma wapi?"

Dereva akageuza pikipiki na kuondoka akitikisa kichwa. Bi Pindo akaendelea kukimbia, kama mwendo ule unaweza kuitwa kukimbia, begi likimpigapiga mgongoni. Asubuhi wenzake walilicheka sana begi hilo, maana wao walibeba chupa za maji tu. "Fundi, unakimbia au unahamia msituni?" Akawajibu kwamba fundi cherehani hatoki nyumbani bila vifaa vyake. Wakazidi kucheka.

Nyuma yake alikuja Mkia. Ndivyo wanavyomwita mtu anayefunga mbio za msituni: hukimbia nyuma ya wa mwisho, akifungua tepe zilizofungwa mitini kuonyesha njia, asibaki mtu wala takataka. Haruhusiwi kumpita wa mwisho, hata wa mwisho akiamua kutambaa. Safari hii kazi hiyo alipewa muuza nyama wa mtaani kwao, kijana mwenye mapaja ya kushinda, na sasa anachunga kobe.

"Shangazi, hapo unakimbia au unapima kitambaa?"

"Napima. Na wewe acha kunihimiza, nisije nikakosea."

Kwa miaka mingi vumbi la vitambaa lilimkaba kifua. Daktari alipomwambia atafute hewa safi, aliipata humu msituni, kwanza kwa kutembea, kisha siku moja akajikuta anakimbia, mjane wa miaka hamsini na ushee, gauni kalikunja kiunoni. Watu walicheka. Wacha wacheke, pumzi zake zilirudi, na kicheko chao hakikumpunguzia hata moja. Mbio hizi alikwisha kuzianza mara mbili, mwaka juzi na mwaka jana, na kila mara akaishia njiani. Mwaka huu ndio wa mwisho kwa kila mtu. Msitu umeuzwa, yatajengwa maghala. Alfajiri aliapa kwamba leo hakuna mwanadamu atakayemtoa njiani.

Mashine za kukatia miti zilipangwa nje ya mstari wa kumalizia tangu asubuhi, na mkandarasi aliyepewa kazi ya kuikata ndiye aliyeshika kipaza sauti. Kwa ajili ya usalama, alisema, hakuna mashine itakayowashwa kabla kila mkimbiaji hajauvuka mstari. "Na msiwe na wasiwasi, ndugu zangu. Leo hakuna kikomo cha muda. Tutamsubiri hata wa mwisho kabisa!" Akapigiwa makofi, akayafurahia. Alikuwa ameambiwa mbio hizi huisha kabla ya adhuhuri.

Sasa ilikuwa imepita saa tisa, na redio ya mkononi ya Mkia hainyamazi.

"Yuko wapi huyo bibi?" Ilikuwa sauti ya mkandarasi. "Mvua imenifungia mashine wiki nzima! Kibali changu cha kukata kinakwisha leo saa kumi na mbili, na mtaa mzima umepinga nipewe kingine. Mbebe!"

Bi Pindo akageuka. "Mwambie mtu aliyewahi kunibeba ni mama yangu tu, na nilishuka mwenyewe."

Mkia akazima redio.

Walipofika kijitoni, Bi Pindo aliketi juu ya jiwe, akavua kiatu cha kushoto na kutumbukiza mguu majini. Akakaa.

"Shangazi, si ulikuwa unachechemea wa kulia?"

"Maumivu ni mgeni, mwanangu. Leo kwangu, kesho kwa jirani."

 Mkia akasema kuna utepe ameusahau huko nyuma, akarudi kuutafuta, wala hakuonekana mwenye haraka.

Jua lilikuwa limeinama walipouona mstari. Watu hawakuwa wameondoka; kinyume chake, walikuwa wameongezeka. Waliolicheka begi asubuhi sasa walikuwa wakiimba jina lake. Binti yake alisimama mbele ya wote, machozi yakimtoka. "Njoo, mama! Umefika!" Lakini aliyepiga makofi kuwashinda wote alikuwa mkandarasi. Nyuma yake madereva walikwisha kupanda kwenye mashine, funguo mkononi.

Bi Pindo akatoka mbio. Mara hii alikimbia kwelikweli, hachechemei, mikono inakata hewa, kifua wazi, hata watu wakajiuliza nguvu hizo alizificha wapi kutwa nzima. Mkandarasi akainua mkono kuwapa madereva ishara.

Hatua moja kabla ya mstari, Bi Pindo akasimama. Akashusha begi, akatoa kimto akakiweka chini, akatoa gauni la bi harusi ambalo pindo lake halijapindwa, na sindano na uzi. Akaketi juu ya kimto, akatunga uzi, akaanza kupinda.

"Vuka, mama! Vuka!" mkandarasi akapiga kelele.

Mkia akatazama saa yake, akarundika tepe zake chini na kuketi nyuma ya Bi Pindo.

"Shangazi," akasema, "una sindano ya pili?"