Muhanga Aliyekimbia Ushahidi

Zamani wanyama walipokuwa na baraza lao la hukumu, Muhanga alimwona Nyani akitoka ghalani na gunia la mahindi ya wote. Kesho yake akakamatwa Digidigi, jirani yake Muhanga, kwa wizi huo, na Muhanga, aliyejulikana kuwa alikuwa karibu na ghala, akaitwa kutoa ushahidi. Hakutaka kugombana na Nyani, kwa hiyo akaliacha shimo lake akahama.

Tarishi wa baraza alikuwa Kanga, asiyechoka kuuliza njia. Kila Muhanga alipomaliza kuchimba shimo jipya, alimsikia huko juu akisema, "Hodi, mzee Muhanga. Unaitwa." Akatoroka, akachimba tena. Kwa miezi sita alichimba mashimo tisa, mpaka kucha zikaisha. La kumi likamshinda. Akakaa chini, akangoja kushikwa.

Barazani, hakimu Nyati akamuuliza, "Ulimwona nani?"

"Nyani," akajibu Muhanga.

Yakawa ndiyo maneno yote.

Nyati akashusha pumzi. "Digidigi amekaa kifungoni miezi sita akilisubiri neno hilo moja. Sheria inasema anayekimbia ushahidi atafungwa muda ule ule aliofungwa mwenzake."

Moyoni Muhanga alishukuru kwamba angalau atapumzika. Mlangoni mwa gereza akapishana na Digidigi, amekonda, akitoka polepole.

"Ungesema tu, jirani," Digidigi akamwambia, wala hakusimama.

Muhanga akajilaza kwenye majani makavu, mchovu kuliko siku zote, na usingizi haukuja.