Mche na Nguo Yake

Mume wangu Gracien alikwisha kutoa wembe mfukoni. Hapa Mbau kakao tunaipanda hivyo: unachana sashe nyeusi ya plastiki iliyooteshewa mche, unaitupa, ndipo unaingiza mche shimoni. Shamba letu limejaa vipande vya sashe kama manyoya ya kunguru.

Lakini mche huu niliuotesha mimi, ndani ya ganda la mgomba nililolishona kwa mkono. Siku nilipokuwa nikishona, Gracien alinicheka.

“Mama, unashona bikapo bya kwenda nabyo ku kanisa?”

Sasa aliugeuza mche mikononi akitafuta pa kukata, mara akausogeza karibu na macho. Ncha ya mzizi, nyeupe, ilikuwa imetoboa ganda kama jino la kwanza la mtoto.

“Sasa hii nikate wapi?”

“Hapana kata. Panda na nguo yake.”

Akapiga magoti, akaulaza shimoni, akaufunika udongo taratibu kuliko alivyowahi kuwafunika watoto wetu blanketi. Akainuka na wembe wake, akaenda kwenye migomba anayoipenda kuliko shati lake la Jumapili, akabandua ganda moja kavu.

“Lakini bile bikapo,” akasema bila kunitazama, “unabishonaka namna gani?”