Namba Arobaini

Mtu waliyemtafuta miezi saba alikuwa amelala kaburini, na nyasi zilizoota juu yake zilikuwa za masika mawili.

"Saidy Abubakary mwingine hapa Mahege hayupo," alisema Mzee Huseni, balozi wa kitongoji hicho. "Huyu nimemzika mimi, kwa mikono yangu hii. Mwaka juzi, Mfungo Tatu."

Elieth, mtafiti wa afya, alilikumbatia faili lake. Damu ya Saidy Abubakary ilichukuliwa miezi minane iliyopita, katika chumba cha darasa kilichoonekana kutoka pale waliposimama. Marehemu hatoi damu.

Alimgeukia Abbasi, mhudumu wa afya wa kijiji, mtu wa miaka hamsini na ushei. Ndiye aliyewakusanya wanaume na kuwaandika siku ile, na ndiye aliyekuwa akimzungusha Elieth kwa pikipiki kumtafuta huyo mmoja. Abbasi alikuwa ameinamia pikipiki, anahangaika na kamba ya mzigo ambayo haikuwa na tatizo lolote.

"Watu ndivyo walivyo, dokta," alisema bila kuinua kichwa. "Mtu kaona haya, kataja jina la marehemu. Sasa tutamshikia wapi?"

Habari ya haya nani angemfundisha Elieth? Makala yake ya kwanza ilieleza jinsi wanaume wanavyoona aibu kupimwa tezi dume. Ya pili ilihusu siri katika ushauri nasaha, na humo aliandika, kwa ushujaa wa mtu aliyekaa kwenye kiti cha ofisi chini ya feni, kwamba mshauri hatoboi siri ya mtu hata kwa msaidizi wake. Alipongezwa sana. Siku wanaume wa Mahege wanatolewa damu, yeye alikuwa Dar akiisoma makala hiyo mkutanoni. Fundi wa maabara alikuwa mgeni, hamjui huyu wala yule. Kazi yote aliachiwa Abbasi, kwa sharti moja: wawe arobaini kamili, wakipungua hata mmoja utafiti hautakubaliwa.

Wakatimia arobaini. Thelathini na tisa hawakuwa na la kutisha. Kipimo cha tezi dume cha namba arobaini, ambacho hakikutakiwa kuzidi nne, kilisoma thelathini na moja.

"Akiwahi, anatibika," daktari bingwa alimwambia Elieth. Hiyo ilikuwa miezi saba iliyopita.

Tangu hapo hakuonja raha. Mtu huyo yuko mahali, anapalilia ufuta wake, anamtania mkewe, na huku vijijini anayejua habari yake ni Elieth peke yake. Walimuulizia Bungu, kwa wauza mihogo wa kando ya barabara. Walifika Ngorongo. Mwezi uliopita walivuka hadi vitongoji vya delta, kwa kuwa Abbasi alidai kasikia mtu wa jina hilo anavua kamba huko. Kote huko Elieth alisema maneno yale yale: namba arobaini ina kasoro kwenye karatasi, anataka kujua aliyeandikwa ni nani hasa. Hata Abbasi aliambiwa hivyo hivyo.

Walimuaga Mzee Huseni wakashika njia ya vumbi. Kabla ya kuiona lami, Abbasi alisimamisha pikipiki akapotelea kwenye mikorosho.

"Kaka Abbasi, mara ya tatu hii!" Elieth alimpigia kelele. "Kwako kila mkorosho choo?"

"Madafu hayo, dokta!" sauti ilijibu kutoka vichakani.

Alikawia. Aliporudi alikuwa ameshika kiuno, anazilaani barabara za wilaya na mashimo yake. Alimkuta Elieth ameketi kwenye gogo, analia waziwazi, faili limemwangukia miguuni.

"Dokta! Kulikoni tena?"

"Nimeshindwa, kaka Abbasi. Nimeshindwa kabisa."

"Kwa karatasi moja tu? Si uifute hiyo namba, yaishe?" Alichuchumaa mbele yake kwa taabu. Sura yake ilikuwa ya mtu aliyefumaniwa. "Kwani wakubwa wako watakufukuza? Watamshitaki mtu?"

"Hakuna anayeshitakiwa. Karatasi haina neno." Elieth alijifuta machozi kwa kiganja. Aliikumbuka makala yake ya pili, akaichukia. "Mungu anisamehe, natoboa siri ya mtu. Namba arobaini ana saratani ya tezi dume. Alikuwa anatibika. Nimepita naye labda njia moja, nimemsalimia labda, na sikuweza kumwambia."

Upepo ulipita kwenye mikorosho. Abbasi aliliokota faili kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa kiunoni, akamrudishia.

"Na akipatikana leo?"

"Sijui. Inategemea imefika wapi. Ikishaingia kwenye mifupa, kinachobaki ni kumpunguzia maumivu tu."

"Mifupa ipi, dokta?"

"Mara nyingi huanzia kiunoni. Mgongoni."

Abbasi aliuondoa mkono wake kiunoni, polepole, akautazama.

"Siku ile walikuja thelathini na tisa," alisema. Kisha akakunja mkono wa shati hadi juu ya kiwiko, akamnyooshea.