Miwani ya Kuzamia

Mwinshehe aliivaa miwani ya kuzamia palepale ufukweni Kibirizi, katikati ya dagaa walioanikwa, akapiga hatua tatu na kumwamkia muuza samaki mmoja kwa adabu zote. Watu wakacheka. Leodgar hakucheka wala hakuudhika. Alikuwa anangoja bei.

"Elfu thelathini, pamoja na mapezi na mrija," alisema Mwinshehe akiivua. Kazi yake ilikuwa kukamata vile visamaki vya rangi vinavyopelekwa Ulaya kufugwa kwenye matangi ya vioo.

"Arobaini. Ndivyo deni lilivyo."

"Bwana mpima, deni ni lako, bei ni yangu." Kisha akamtazama vizuri. "Mbona sikio hilo la kushoto limekuwa jekundu?"

"Maji," alisema Leodgar.

"Na shemeji? Siku hizi haonekani hata kanisani."

"Yupo. Anafungasha mizigo."

Mwinshehe hakuwa mtu mbaya. Alinung'unika, akahesabu arobaini, akaongeza na hela ya maandazi.

Leodgar alikuwa mpima ardhi wa serikali, aliyeletwa Kigoma kutoka Songea. Vifaa vile alivinunua kwa mtafiti mmoja Mzungu aliyekuwa akirudi kwao, na kwa miaka sita kila Jumamosi ilimkuta chini ya maji ya Bangwe akitazama samaki tu, bila kuvua hata mmoja. Walimtania kwamba nchi kavu imekwisha, sasa mpima anapima ziwa. Wenzake walikuwa na watoto wa kuwachosha jioni. Yeye na mkewe Honorata hawakujaliwa, basi alikuwa na ziwa.

Kisha wakaja wakimbizi. Vita vya ng'ambo viliwavusha kwa mamia, na mwezi uliopita mtumbwi mmoja ulipinduka mbele ya Bangwe. Leodgar aliingia majini akatoa aliowaweza, wengine wazima, wengine hapana. Tangu siku ile alikuwa na ganzi, kama ya mguu uliokaliwa muda mrefu, ila yake ilikuwa ya mwili mzima.

Nikodemu alivuka siku tatu baadaye, kwa boti nyingine. Alikuwa fundi cherehani kutoka Fizi, ng'ambo ya ziwa, mjane. Binti yake wa miaka minne, Veneranda, alikuwa ametangulia na shangazi yake katika mtumbwi ule. Shangazi alipatikana, akazikwa. Mtoto hakuonekana. Watu wakamwelekeza kwa yule mtu mwenye miwani. Nikodemu akauza cherehani aliyovuka nayo, akaenda kumtilia Leodgar elfu arobaini mkononi ili amtafutie hata mwili, apate wa kuzika.

Leodgar alikataa mara mbili. Mara ya tatu alizipokea. Wiki ile nyumbani kwake kulikuwa na homa ya mapafu, sindano asubuhi na jioni, na mshahara ulikuwa haujatoka. Fedha zote zikaishia duka la dawa. Alizama siku nane, akachungulia kila mwamba mpaka midomo ikawa myeupe, na jioni ya kila siku alimkuta Nikodemu amesimama ufukweni na shuka jipya mkononi.

Sasa uhamisho aliouomba ulikuwa umetoka, na treni ilikuwa ya kesho kutwa. Hakutaka kuondoka na fedha ya yule baba. Dawa ya deni kulipa, alimwambia Honorata, na Honorata alikubali kabla hajamaliza kusema.

Alimkuta Nikodemu kwenye mahema ya mapokezi, amekaa juu ya ndoo, ameligeukia ziwa.

"Nimeuza vifaa vyangu," alisema Leodgar. "Hizi ni zako."

Nikodemu alizitazama zile noti bila kuzigusa. "Basi hautaingia tena."

"Siingii tena."

"Hakuna kitu ku maji?"

"Majini hakuna kitu." Hilo aliweza kulisema akimtazama usoni.

"Beba tu, kaka. Uliingia siku munane. Mwenye deni ni miye."

"Chukua, nakuomba." Sauti ya Leodgar ilipanda, hata watu wa hema la pili wakageuka. Akaishusha. "Chukua. Ununue cherehani."

Nikodemu akazichukua, akazikunja mara nne. "Lori ya kambi inaenda kesho," alisema. "Nilikuwa nakataa kupanda. Sasa nitapanda." Kidole chake kilicheza na sikio lake. "Kubaya ni usiku tu. Veneranda halalaki mpaka ashike hii sikio. Anaivutaka mpaka inauma. Sasa haiumi tena, na miye silali."

Leodgar alisema pole. Alijua kuna kitu alipaswa kukisikia moyoni, lakini alichokisikia ni jua tu, likimchoma shingoni.

"Aksanti, kaka," alisema Nikodemu, akimpa mikono yote miwili. "Mungu akulipe."

Njiani alinunua maandazi matatu. Saa nane ile ya joto, madirisha ya nyumba yake yalikuwa yamefungwa. Alibisha, akajitaja jina, ndipo Honorata akaondoa komeo.

"Amepokea?"

"Amepokea. Kesho anapanda lori."

Honorata alikaa juu ya sanduku la safari, akashusha pumzi. "Basi hatudaiwi na mtu."

"Hatudaiwi."

Leodgar alikula andazi lake, akajinyoosha mkekani apate usingizi wa mchana, kwa ubavu wa kulia, kama alivyozoea siku hizi. Muda si muda mkono mdogo ukapapasa kutoka nyuma yake, ukalipata sikio la kushoto, ukalivuta.