Mlango wa Doris

Chini ya hotipoti ya mtori, Bernadetha aliweka jani la isale lililofungwa ndani ya gazeti. Shemeji yake, Basili, alikuwa amelikata mwenyewe asubuhi kwenye mpaka wa kihamba, shamba la migomba la ukoo, akalipiga fundo kama wazee walivyofundisha. Ni jani la kuombea. Anayepewa hawezi kukataa anachoombwa, hata kama ana kinyongo cha miaka.

"Mpe daktari mkononi," Basili alisema. "Usimwekee mezani kama barua. Mchagga gani atakataa isale?"

"Na kama si Mchagga?"

"Mtu wa Old Moshi yule, nimeulizia. Mwambie Jumamosi tunamchukua Doris. Mtu wa kihamba hiki hakai mjini kwa watu. Arudi nyumbani, akae mahali pamoja."

Bernadetha alijifunga kanga ya pili, akashuka kutoka Mwika mpaka Moshi mjini, kama alivyozoea kila Alhamisi. Njiani hakuwaza kitu. Tangu saratani iingie kwenye titi la Doris, mtoto wake wa pekee, moyo wake ulikuwa umekufa ganzi polepole, kama mkono uliolaliwa. Unauona kabisa ni wako, lakini ukiufinya hausikii.

Hospitalini alizipita wodi zote, akazunguka hadi jengo la nyuma lenye vigae vyeupe. Lukresia, mwenye zamu kwenye chumba cha Doris, aliipokea hotipoti kwa mikono miwili, maana alijua kilichomo.

"Shikamoo, bibi. Leo umetia nyama au unatudanganya na ndizi tupu?"

"Marahaba. Nimetia ya mfupa. Ameamkaje?"

"Salama kabisa. Asubuhi amekula, na joto lake ni lile lile, halipandi halishuki."

"Hasikii maumivu?"

"Hasikii, bibi. Hilo nakuapia."

Mwanzoni, humo ndani walikuwa wakimtaja kwa namba. Bernadetha ndiye aliyewakataza. Aliwaambia ana jina, amebatizwa nalo. Wakacheka kidogo, kisha wakazoea.

Kuingia hakukuruhusiwa, kwani uchafu kidogo tu wa nje ungemwua Doris. Basi Bernadetha alisimama kwenye kioo, akatazama mashine nyeupe iliyokuwa ikinguruma taratibu, taa yake ya kijani ikiwaka. Nyuma yake alimsikia Lukresia akifyonza mfupa. Kila Alhamisi mtori uliliwa na Lukresia na wenzake, na Bernadetha alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Lakini mama haendi kumwona mwanawe mikono mitupu.

Daktari Valerian alikuja akipangusa miwani kwa ncha ya koti. Alimwamkia, akavuta kiti akakaa chini kuliko yeye.

"Mama, nikueleze tena ule mlango?"

"Nieleze. Nikifika nyumbani huwa naupoteza."

"Kila chembe ya mwili ina milango yake. Kila mlango una mgeni wake: anabisha, anafunguliwa, anatoa ujumbe. Huu mmoja mgeni wake hatujampata bado, ndiyo maana tunauita yatima. Mtoto akiwa tumboni unafanya kazi, akishazaliwa unatakiwa ufungwe. Wa Doris ulifunguka ukubwani, na saratani ikaupenda."

"Mlango usio na mgeni unamfungulia nani?"

Daktari alicheka, lakini si kwa dharau. "Hilo ndilo tunalomuuliza Doris kila siku. Kuna dawa tunaijaribu kwake. Wiki hii mlango umerudi kidogo. Haujafunga, lakini umerudi."

"Nyumbani wanataka aondoke Jumamosi."

Valerian aliivaa miwani yake. Lukresia naye aliweka kijiko chini.

"Akitoka kwenye chumba kile, mama, hafiki hata Himo," daktari alisema. "Siwezi kukuficha. Lakini ni mtoto wako. Ukisema neno, sitabishana."

Bernadetha alitia mkono mkobani. Vidole vyake vililipata gazeti, vikalifungua, vikaligusa lile fundo. Jani lilikuwa bado na ubaridi wa asubuhi ya mlimani.

"Na Stella?" aliuliza. Stella alikuwa binti wa Doris, mwanafunzi wa sekondari, kila anapocheka ni mama yake mtupu. "Mlipompima mlisemaje?"

"Kasoro ya mama yake amerithi. Mlango wake bado umefungwa. Ukija kufunguka, nataka tuwe tunajua namna ya kuufunga. Wa kutufundisha ni Doris."

Bernadetha aliutoa mkono mkobani. Haukuwa na kitu.

"Endeleeni naye," alisema.

"Na nyumbani watakubali?"

"Nyumbani nipo mimi."

Hakulia. Aliichukua hotipoti yake, akakuta Lukresia ameshaiosha na kuifuta.

Alipofika Mwika, Basili alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, fimbo katikati ya magoti.

"Umempa?"

"Sijampa."

"Sasa isale umeipeleka wapi, mke wa kaka?"

Bernadetha alimpita bila kusimama, akaingia mgombani na mkoba wake. Alipiga magoti kwenye kaburi la Doris, penye msalaba ulioanza kubanduka rangi, akang'oa magugu yaliyoota tangu Pasaka, moja moja, hadi udongo ukaonekana. Kisha akalitoa lile jani la isale, akalichomeka upande wa kichwani.

"Unisamehe, mama," alimwambia. "Umeamka salama, na asubuhi umekula. Tena zile chembe walizokutoa titini zimekua, mpaka kichupa hakikutoshi, wamekugawa kwenye vichupa viwili."