Mvi za Mbuzi

Mbuzi aliwaliza wanyama jukwaani na kwenye filamu tangu ujana hadi akaota mvi. Basi Fisi, mwenye kikundi cha maigizo, akampa Swala aliyebaleghe juzi nafasi ya bibi kizee, akampaka unga kichwani kuwa mvi.

“Na hizi zangu ni ukoka?” Mbuzi alifoka, ndevu zimemsimama.

“Mama, watazamaji wanataka sura mpya.”

Siku ya onyesho Mbuzi alikata tiketi, akaja na kuku wote wa mtaani, wakajaza safu ya mbele. Pazia kufunguka, kuku wakauona unga. Walimdonoa bibi kizee mpaka akaruka dirishani!

“Mama Mbuzi, panda utuokoe!” Fisi akalia.

“Nimelipa kiingilio mimi. Toka hapo, unanizibia!”