Uso Usiotabasamu

Siku hizi kila picha humtabasamia anayeitazama. Hata zile za ukutani hujirekebisha zenyewe, zikafuta makunyanzi na majonzi, ili mtu asisononeke nyumbani kwake. Lakini kitabu cha Bi Zamoyoni, mwalimu mstaafu wa sanaa mjini Morogoro, ni cha karatasi, na karatasi haijirekebishi. Ndani yake mna kazi za Wamarekani waliochora maisha kama yalivyo.

Jumapili moja alimfungulia bintiye, Mwanahawa, ukurasa wa mwanamke anayemenya viazi jikoni. Mwanahawa alisubiri.

"Mama, mbona hacheki?"

"Wala hatacheka. Mchoraji hakumwomba acheke. Tazama shingo yake, na mwanga ulivyomwangukia begani. Amechoka huyu, lakini hajashindwa."

Mwanahawa aliinama, akatazama mpaka chai ikapoa. Machozi yakamlengalenga. "Ni kama namjua," alisema.

Bi Zamoyoni alifurahi. Miaka thelathini ya kufundisha ilimtosha kutambua mtu anapoanza kuona.

Mwanahawa akainua macho kwenye picha ya marehemu baba yake, iliyokuwa ikiwachekea kutoka ukutani. "Na baba, akichoka, uso wake ulikuwaje?"

"Baba yako?" Bi Zamoyoni alidakia kwa sauti yake ya darasani. "Baba yako alikuwa..."

Alifumba macho amtafute mumewe, na kila alipomwona, alimwona anatabasamu.